Waya wa Shaba Uliokataa Kuwasha Balbu

Hotuba iliyotolewa ukumbini, Siku ya Wanafunzi wa Zamani



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya Mtumishi wa Umma na Maendeleo. Niliisoma mara tatu, nikaona kwamba mada hiyo mmekwisha kuisikia kutoka kwa watu wenye vyeo vikubwa kuliko changu, nami nikamwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuibadilisha. Alinikubalia kwa sharti kwamba nisizidishe nusu saa na nisiandike hesabu ubaoni. Basi nitazungumza habari ya waya wa shaba, habari ya deni nililo nalo kwa mwalimu mmoja aliyefundisha hapa, na habari ya kosa nililolifanya ofisini mwaka uliopita. Mambo haya matatu ni jambo moja, kama mtakavyoona.

Mwaka 1997 nilikuwa Kidato cha Tatu. Mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye wengi mnamkumbuka kwa koti lake la kahawia na kwa tabia yake ya kuvunja chaki vipande vitatu kabla ya kuanza somo, alitupa kila kundi waya wa shaba wa urefu wa shibiri. Alituagiza tuuchome kwenye moto mpaka uwe mweusi, tuuache upoe, kisha tuufunge kwa vibanio kati ya betri mbili na balbu ya tochi. Tukafanya hivyo. Balbu haikuwaka. Tukadhani betri zimekufa, maana betri za maabara yetu zilikuwa na desturi ya kufa. Mwalimu akaja na wembe, akakwangua weusi ule kwenye ncha mbili za waya, akavibana vibanio pale pale palipokwanguliwa, na balbu ikawaka. Kisha akatuonyesha kitu ambacho hatukukitazamia: mahali wembe ulipopita juu juu tu, chini ya ngozi nyeusi palikuwa na utando mwembamba mwekundu, na chini ya wekundu ndipo shaba yenyewe.

Akauliza, "Kwa nini shaba inapitisha umeme na ngozi hii haipitishi?" Mimi niliyekaa mbele nikanyosha mkono, nikasema kwa majivuno, "Kwa sababu imeungana na oksijeni, Mwalimu." Akanitazama. "Hilo ni jina la kilichotokea," akasema. "Sababu iko wapi?" Darasa likanyamaza. Naye, badala ya kutukaripia, akasema jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: "Nami sijui vizuri. Atakayejua aje aniambie."

Mwalimu amekwisha kutangulia mbele ya haki. Jibu sikumletea akiwa hai. Nimelileta leo, na kwa kuwa yeye hayupo, mtalipokea nyinyi.

Ili tuelewane, naomba tuondoke maabara twende bwenini. Wale wa umri wangu watakumbuka ule mwaka wa uhaba wa vitanda, tulipolala wawili wawili mzungu wa nne, mmoja kichwa upande wa dirisha na mwenzake kichwa upande wa mlango. Elektroni ndani ya fuwele zina sheria kama hiyo hiyo. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alionyesha kwamba kitanda kimoja cha elektroni hakiwezi kupokea zaidi ya wawili, nao hao wawili lazima walale mzungu wa nne, yaani spini zao zielekee pande zilizo kinyume. Wawili wenye vichwa upande mmoja hawaruhusiwi kabisa.

Sasa, mafundisho tuliyoyapata Chuo Kikuu yalikuwa haya. Ikiwa vitanda vyote vya ghorofa ya chini vimejaa wawili wawili, hakuna awezaye kuhama. Ili mtu ahame hana budi kupanda ghorofa ya juu, na ngazi hiyo ina gharama. Kitu cha namna hiyo hakipitishi umeme. Gharama ya ngazi huitwa pengo la nishati. Lakini ikiwa vitanda vimejaa nusu, kila kimoja kina mtu mmoja, basi nafasi ziko tele, watu watahama wapendavyo, na kitu hicho kitapitisha umeme. Ni fundisho zuri, nalo limetupatia transista na simu hizi ambazo Mkuu wa Shule amewakataza wanafunzi kuja nazo.

Hebu turudi kwenye waya wetu tukiwa na fundisho hilo. Ule utando mwekundu ni oksidi ya shaba ambayo ndani yake kila atomu ya shaba ina nafasi zake zote kumi zimejaa. Nafanya kila nafasi ya elektroni kuwa nusu ya kitanda, msinishike kwenye hesabu. Umejaa, haupitishi, na fundisho limesema kweli. Lakini ile ngozi nyeusi ni oksidi nyingine. Ndani yake kila atomu ya shaba imepungukiwa elektroni moja: kuna kitanda kimoja chenye mtu mmoja tu. Nafasi ziko tele. Kwa fundisho lile ngozi nyeusi ingepaswa kupitisha umeme, nasi tuliona kwa macho yetu kwamba balbu haikuwaka.

Mkanganyiko huu si wa darasa letu peke yetu. Mwaka 1937, kwenye mkutano uliofanyika Bristol, Uingereza, wataalamu wawili wa Kiholanzi, de Boer na Verwey, walisimama wakaeleza kwamba oksidi ya nikeli nayo ina nafasi zilizo wazi na bado haipitishi umeme. Rudolf Peierls na Nevill Mott walilichukua swali hilo, na jibu lao kwa lugha ya bweni ni hili: nafasi ipo, lakini wawili wakilala kitanda kimoja wanagombana. Elektroni zote zina chaji hasi, na chaji hasi husukumana. Ugomvi ukiwa mkubwa kuliko faida ya kuhamahama, kila mtu hubaki kwenye kitanda chake, mmoja mmoja, na bweni zima hukaa kimya ingawa nusu ya nafasi ni tupu. Ndani ya shaba safi elektroni zinazobeba umeme zimetandazwa kwenye fuwele nzima na zinakingana zenyewe kwa zenyewe, hivyo ugomvi umepoa. Ndani ya ngozi nyeusi kila moja imefungwa karibu na atomu yake, na ugomvi ni mkali. Mwaka 1963 John Hubbard aliuandika ugomvi huo kwa fomula fupi mno ambayo mpaka leo, mbele ya fuwele ya kawaida ya pande tatu, hakuna aliyeifungua kwa ukamilifu.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa Mwalimu. Lakini najua angeuliza tena, "Umejuaje?" Ugomvi wa elektroni hauonekani. Hapa ndipo nuru inapoingia.

Nuru huja kwa vipande, na kila kipande kina bei yake kulingana na rangi. Nyekundu ni rahisi, karibu elektroni-volti 1.8, urujuani ni ghali, karibu 3.1. Ukimulika kitu kwa rangi moja baada ya nyingine na ukapima ni kiasi gani kimemezwa au kimerudishwa, unapata mchoro wenye mabonde na vilele, nao ndio huitwa spektra. Mahali kitu kinapoanza kumeza nuru ndipo bei ya nuru ilipotosha kulipia jambo fulani humo ndani. Swali ni jambo gani. Nami nakiri mbele yenu kwamba swali hilo nililipita kwa miaka mingi bila kuliuliza.

Tuanze na wekundu, maana ndio rahisi. Nuru inamchukua mtu mmoja kutoka ghorofa ya chini iliyojaa na kumpandisha juu. Anaacha nyuma yake nafasi tupu. Nafasi hiyo, kwa kukosa chaji hasi, ni kama chaji chanya; humvuta yule aliyepanda. Wawili hawa huzungukana kama elektroni na protoni za haidrojeni mlizofundishwa Kidato cha Sita. Jozi hiyo huitwa eksitoni. Yakov Frenkel alifikiri habari zake mwaka 1931, na Gregory Wannier aliieleza kwa namna nyingine mwaka 1937, ila hapakuwa na aliyeiona. Mwaka 1952, mjini Leningrad, Gross na Karryev waliipoza oksidi nyekundu ya shaba, ile ile ya utando wetu, wakaona ndani ya eneo la njano la spektra mfululizo wa mistari inayokaribiana kidogo kidogo, kama mistari ya haidrojeni. Tofauti ni kwamba haidrojeni hufungwa kwa elektroni-volti 13.6, na mfululizo huu wa njano kwa takriban 0.09 tu. Mstari wa kwanza hukaa chini ya pengo lenyewe, kwa sababu jozi iliyofungwa ni nafuu kuliko wawili walioachana. Lishikeni hilo.

Naomba niseme kando kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa Dortmund, Ujerumani, walifuata mistari hiyo mpaka wa 25, eksitoni yenye upana unaozidi mikromita mbili, ambayo kwa vitu vya aina hii ni jitu. Fuwele waliyoitumia haikutengenezwa katika maabara ya mtu yeyote. Ilichimbwa katika mgodi wa Tsumeb, Namibia. Jiwe limetoka kwetu Afrika, limekwenda Ulaya, limewekwa kwenye baridi ya nyuzi kama 1.2 juu ya sifuri kamili, na limeeleza siri zake huko. Silisemi kwa uchungu. Nalisema kwa sababu nitalirudia nikifika ofisini kwangu.

Sasa tuje kwenye weusi, yaani kwenye bweni la wagomvi. Ngozi ya waya wetu ni vumbi la fuwele ndogo zilizolala ovyo, na ni vigumu kuihoji. Wataalamu wamechagua ndugu yake aliye mnyofu zaidi: oksidi ya strontiamu na shaba, Sr2CuO3. Humo shaba na oksijeni zimejipanga mstari mmoja mrefu, shaba, oksijeni, shaba, oksijeni, kutoka shaba moja mpaka nyingine kama nanomita 0.39, na mstari mmoja umetengwa na wa pili kiasi kwamba elektroni haina pa kwenda ila mbele na nyuma. Fikirieni bweni lenye safu moja tu ya vitanda, kila kitanda mtu mmoja. Zuri la safu moja ni kwamba ile fomula ya Hubbard, ambayo katika pande tatu imetushinda, katika mstari mmoja ilifunguliwa kwa ukamilifu na Lieb na Wu mwaka 1968. Jibu lao ni kwamba katika safu moja yenye mtu mmoja mmoja, hata ugomvi mdogo kabisa unatosha kuzuia umeme.

Katika safu hiyo majirani hulala vichwa kinyume, mmoja dirishani, wa pili mlangoni, wa tatu dirishani. Hakuna kiranja aliyewapanga. Sababu ni kwamba aliyelala kinyume na jirani yake anaweza kumtembelea kitandani kwa nukta moja na kurudi, na ruhusa hiyo ndogo inampunguzia gharama. Aliyelala sawa na jirani yake anakatazwa na sheria ya Pauli hata kujaribu. Katika Sr2CuO3 mpango huu una nguvu ya karibu robo ya elektroni-volti kwa kila jozi ya majirani, ambayo ni nguvu nyingi ajabu kwa mambo ya sumaku.

Mulika nuru ya bei ya kutosha, karibu elektroni-volti 1.7. Mtu mmoja anahamia kitanda cha jirani kwa nguvu. (Kwa hakika elektroni huanzia kwenye oksijeni iliyo katikati, ila hilo halitubadilishii hadithi.) Sasa kuna kitanda kimoja kitupu na kimoja chenye wawili. Kitupu ni kama chaji chanya, chenye wawili ni chaji hasi, nao wanavutana. Je, hii ni eksitoni kama ile ya utando mwekundu?

Inafanana, ila kuna jambo la ajabu. Jirani wa kitanda kitupu akihamia pale, utupu unasogea hatua moja. Chukueni kalamu baadaye mchore: dirisha, mlango, dirisha, kitupu, dirisha, mlango. Sogezeni utupu kulia hatua moja, mbili, tatu. Mtaona kwamba nyuma yake umebaki mkosi mmoja tu, majirani wawili waliolala vichwa upande mmoja, na mkosi huo haukui hata utupu ukienda mbali kiasi gani. Katika bweni la safu nyingi kila hatua ingeharibu mpango wa majirani wa pembeni, na utupu ungeburuta mkia wa fujo nyuma yake. Katika safu moja chaji inakwenda njia yake na spini inakwenda njia yake. Elektroni, ambayo vitabu vya shule vinatuambia haigawanyiki, humu mwenendo wake umegawanyika. Jambo hilo lilionekana mwaka 1996 katika SrCuO2, jamaa wa karibu wa fuwele yetu, kwa kuzing'oa elektroni kwa nuru na kupima zinavyotoka. Mwaka 2012, huko Uswisi, kwa kutumia miali ya eksirei, watafiti walionyesha katika Sr2CuO3 yenyewe kwamba hata namna elektroni inavyoizunguka atomu inaweza kutengana na spini yake.

Kwa hiyo jozi yetu ni kitupu na kijazi kwenye mstari mmoja, chaji zisizobeba spini. Haziwezi kupishana kwa kuzunguka, kwa sababu pembeni hakuna njia. Zikikutana, yule wa ziada anarudi kitanda chake, na nishati yote inamwagika ndani ya safu, kwa vichwa na kwa mtikisiko wa atomu, upesi sana. Mwaka 2000 ilipimwa katika Sr2CuO3 kwamba baada ya kumulikwa, fuwele inarudi katika hali yake kwa pikosekunde chache tu. Sekunde moja ina pikosekunde bilioni elfu moja.

Mwaka huo huo kundi la Kishida huko Japani lilifanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Walijua kwamba nuru ya kawaida huona hali za upande mmoja tu, zile ambazo wanafizikia huziita witiri. Hali za shufwa zimesimama nyuma ya mlango, na spektra ya kawaida inapita bila kuziona. Basi wakaweka fuwele zao, minyororo ya shaba na oksijeni na ile ya nikeli na bromini au klorini, ndani ya uga wa umeme, wakapima jinsi nuru inayorudi inavyobadilika uga ukipanda. Uga unazichanganya hali hizo mbili, na iliyofichika inajitokeza. Wakakuta kwamba witiri na shufwa zimekaa karibu karibu, takriban kwenye nishati moja, na kwa sababu hiyo fuwele hizi huitikia nuru kali kwa ukubwa usio wa kawaida. Kitu chenye mwitikio wa namna hiyo, kisha kikarudi katika hali yake kwa pikosekunde chache, kinaweza kuwa swichi ya kuwashia nuru kwa nuru. Swichi yenyewe bado ni suala la maabara, wala siwauzii nyinyi ndoto. Lakini angalieni njia waliyoitumia. Hawakutosheka na kilele walichokiona. Waliuliza swali la pili.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilipokuwa nikimaliza shahada yangu Dar es Salaam, niliandika katika ripoti ya mradi wangu kwamba pale spektra inapoanza kupanda, hapo ndipo ukubwa wa pengo. Nilisahihishiwa vema, nikafurahi. Mwaka huo wa 2005 jarida la Science lilichapa kazi ya Wang, Dukovic, Brus na Heinz juu ya mirija ya kaboni, mirija myembamba kuliko hata nanomita moja, ambamo elektroni nazo hukimbia mbele na nyuma tu. Kwa miaka kadhaa vilele vya mirija ile vilikuwa vimesomwa na wengi kama mapengo. Wao wakaimulika kwa namna ambayo mrija unameza vipande viwili vya nuru kwa wakati mmoja, na vipande viwili huona hali za shufwa ambazo kimoja hakizioni. Kama kilele kingekuwa pengo, vipande viwili vingeanza kumezwa kwa nishati ile ile. Havikuanza hapo. Vilianza juu zaidi, na kutokana na tofauti hiyo wakahesabu kwamba jozi imefungwa kwa takriban elektroni-volti 0.4. Joto la chumba hiki tulichomo lina nguvu ya kama 0.025 tu, kwa hiyo jozi hiyo haivunjwi na joto. Kilele kilikuwa eksitoni. Pengo lilikuwa limejificha juu yake.

Nilipoisoma makala hiyo, kwenye maktaba, nikiwa tayari nimeshapata barua ya ajira Serikalini, nilihisi kama mtu aliyesoma alama ya barabarani baada ya basi kupita.

Ndugu Mwenyekiti, nimebakiwa na dakika chache, nazo nimeziweka kwa ajili ya kosa la pili.

Kazi yangu ni ya mipango. Maombi ya vyuo huja mezani kwetu, nasi huyapanga kabla hayajakwenda kwenye kikao. Mwaka uliopita lilikuja ombi la chuo kimoja kinachofundisha walimu wa sayansi. Walitaka spektromita moja, si ya pikosekunde wala ya Dortmund, ya kawaida tu ya mezani, yenye taa yake na kompyuta yake. Katika safu ya matumizi mwombaji aliandika maneno machache: kupima rangi za vimiminika na fuwele. Nikatazama bei. Nikatazama idadi ya wanachuo. Nikagawanya. Nikaandika pembeni kwa wino wa kijani: gharama kubwa, matumizi machache. Nikaikata.

Hakuna aliyenilazimisha, wala sikuwa na haraka siku ile. Na jambo linaloniuma ni kwamba katika ofisi nzima nilikuwa mtu wa pekee aliyejua spektromita ni kitu gani. Mkaguzi wangu hakujua, mwenzangu wa meza ya pili hakujua. Mimi nilijua, nikachukua namba moja, ile ya kwanza kujitokeza, nikaisoma kama ndiyo habari yote.

Miezi miwili baadaye mkufunzi wa chuo kile alifika ofisini kwa shughuli nyingine. Hakujua kwamba mkataji ni mimi. Katika mazungumzo akaniambia kwamba wanachuo wake wanachora spektra kwa kunakili ubaoni, na kwamba tangu aanze kufundisha pale hajapata kumwonyesha hata mmoja wao mstari ukipanda wenyewe kutoka kwenye kitu kilichowekwa mbele yao. "Wakitoka hapa," akasema, "wanakwenda kufundisha hivyo hivyo." Nikamkaribisha chai. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia siku ile, nami nimemwandikia baadaye.

Wanakwenda kufundisha wapi? Wanakuja hapa. Wawili kati ya walimu waliokaa mstari ule wa pili, nimewauliza asubuhi, wamesoma kwenye chuo kile.

Ombi limerudi mwaka huu. Safari hii nimeambatisha karatasi mbili za maelezo kwa mkono wangu, nimeeleza matumizi ambayo mwombaji hakuyaandika: dawa, maji, mafuta ya kula, na somo lenyewe. Nimeandika pia kwamba mwaka uliopita ushauri wa kuikata ulikuwa wangu na kwamba haukuwa sahihi. Mkubwa wangu amenishauri niliondoe sentensi hiyo ya mwisho. Sijaiondoa. Kikao bado hakijakaa, na katika maombi yaliyo mbele yake yako ya vyoo vya shule na ya madawati, ambayo nami nisingeyakata. Sijui nitashinda.

Vijana, wengi wenu mtaambiwa kwamba Fizikia haina kazi. Mimi ni ushahidi wa pande zote mbili, maana nimeisoma na siifanyi. Sitawadanganya kwamba imenipandisha cheo. Lakini mwaka 1997 mtu mmoja aliyekuwa na waya, wembe na betri zinazokufa alinipa swali ambalo majibu yake yamepitia Bristol, Leningrad, Tsumeb na Tokyo, na mpaka leo kuna sehemu yake ambayo haijajibiwa: kwa mfano, elektroni hizi zinafanya nini hasa mstari mmoja unapoanza kuungana na wa pili na wa tatu, mpaka safu zikawa sakafu. Baadhi ya oksidi za shaba zenye sakafu za namna hiyo, zikiongezewa au kupunguziwa elektroni kidogo, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Sababu yake inabishaniwa tangu mwaka 1986. Mtu wa kumaliza ubishi huo anaweza kuwa amekaa kwenye ukumbi wa shule fulani, anangoja hotuba iishe ale wali.

Nami naimaliza. Mwalimu wa Fizikia wa sasa ameniruhusu kuitumia maabara kuanzia saa tisa. Nimekuja na waya wa shaba mita tano, betri mpya, wembe, na chumvi ya jikoni. Nimekuja pia na masanduku sita ya viatu niliyoyatoboa mwanya mwembamba na kuyawekea kipande cha sidii ndani, ambayo yatawaonyesha spektra ya taa yoyote mtakayoielekezea. Tutaanza na chumvi kwenye moto, muone ule mstari wa njano wa nanomita 589. Kisha tutachoma waya. Wazee wanaotaka kuja nao waje, ila koti mwaache nje, moshi unashika.